Nyota ya Mersedes Yabaki Usoke

Mimi, Eustadia binti Marko, ndiye mwanamke wa kwanza Tabora nzima kuendesha Mersedes. Anayebisha aje Ipuli tubishane, kahawa nitamkaangia mwenyewe.

Haya, si kuendesha hasa. Usukani aliushika mume wangu Hilari. Mimi nilimshika Hilari. Sasa nani kati yetu aliyelifikisha gari Usoke, hilo mtaamua mkishasoma.

Kwa yule ambaye gazeti lake la juma lililopita lilifungiwa maandazi kabla hajalisoma: niliishia pale Hilari alipofukuzwa kwenye lori la mbao, tukala mihogo mpaka meno yakasahau nyama, kisha akapata kazi kwa Bwana Humudi, mfanyabiashara Mwarabu wa pale mjini. Ilikuwa mwaka wa hamsini na tano, Mwingereza bado yuko bomani. Hilari alikabidhiwa gari jeusi jipya la Kijerumani, lililoshushwa stesheni kutoka behewa la wazi, watu wakilitazama kimya kama jeneza la mfalme. Tukapewa na chumba uani kwa tajiri wake. Kina dirisha la kioo, jamani. Nilikuwa sijapata kumiliki kioo kikubwa kuliko cha kujitazamia.

Na tukapewa sharti. Bwana Humudi alikuwa anakwenda Ujiji kwa shemeji zake. Akasimama langoni, kanzu imenyooka, akasema kwa upole, maana alikuwa mpole:

"Hilari, gari lisitoke nje ya lango hili mpaka nirudi. Likitoka, na wewe utatoka, na mkeo, na sufuria zenu."

Basi. Kazi, chumba, dirisha, vyote vilining'inia kwenye lango lile.

Asubuhi ya pili nikamkuta Hilari analifuta gari. Alilifuta kama mama anavyomfuta mtoto wa kwanza. Wa kwanza, nasema, maana wa tano hujifuta mwenyewe.

"Hilari," nikamwambia, "kwa nini linaitwa Mersedes? Sista shuleni alitufundisha kuna Bikira Maria wa Mersedes. Wazungu wamebatiza gari?"

"Ni jina la mtoto wa kike," akasema. Yeye alifuatana na tajiri wake Dar es Salaam kulichagua, na karani Mgoa wa duka la magari alimjaza hadithi. "Baba yake alikuwa mnunuzi mkubwa, anapenda mashindano. Akawaambia mafundi: nitengenezeeni gari lenye nguvu kuliko yote, na liitwe kwa jina la binti yangu."

"Binti mwenyewe alikuwa dereva?"

"Alikuwa mtoto tu, anacheza."

"Na hiyo Benzi mnayoongeza nyuma?"

"Benzi ni fundi mwingine. Zilikuwa karakana mbili zinashindana, baadaye zikaungana, na majina yakaungana. Huyu Benzi ndiye aliyeunda gari lake zamani sana, la magurudumu matatu. Watu wakaliogopa. Likawa linakaa tu bandani, hakuna anayenunua."

"Kama hili."

Hilari akajifanya hakusikia. "Sasa mkewe akachoka kungoja. Asubuhi moja mume kalala, mama akawachukua wanawe wawili, wakalisukuma nje polepole asiamke, wakaenda kuliwashia mbali. Huyo, kwao, kumsalimia mama yake."

Nikaweka ndoo chini. "Bila ruhusa?"

"Bila ruhusa. Hakuna barabara, hakuna kituo cha mafuta. Mafuta alinunua kwenye duka la dawa. Mpira wa mafuta ukaziba, akachomoa pini ya kofia akauzibua. Breki zikalika, akamwita fundi viatu akaziwekea ngozi. Akafika. Ndipo dunia ikajua kuwa gari linafika."

"Mbali?"

"Kama hapa na Usoke, na kupita."

Wasomaji, Usoke ndiko nilikozaliwa mimi. Huyu mwanamume wangu, kwa mdomo wake mwenyewe, ndiye aliyelitaja.

"Na mumewe alimfanyaje?"

"Alimpongeza."

Nikakaa kwenye ngazi nikawaza. Miaka hiyo babu yangu mzaa baba alikuwa njiani kwenda Bagamoyo na pembe ya ndovu begani, na huko Ujerumani mama mmoja yuko kwenye kigari anakwenda kwao kula chakula cha jioni.

"Kwa hiyo jina ni la mtoto wa kike," nikasema, "na safari ya kwanza ni ya mke. Wanaume walifanya nini?"

"Walitengeneza gari."

"Ahaa. Hilo tu."

Hilari akacheka, na mimi nikamwacha acheke kwanza. Mwanamume akicheka unamsukuma kirahisi.

"Jumamosi ni harusi ya mdogo wangu Pelagia," nikasema.

"Tutapanda treni."

"Mama yangu yuko Usoke."

"Najua mama yako yuko wapi, Eustadia."

"Yule Mjerumani naye alikuwa na mama."

Kitambaa kikasimama juu ya boneti. "Lile lilikuwa gari la mumewe. Hili ni la Bwana Humudi."

"Bwana Humudi yuko Ujiji. Na gari jipya likikaa bila kutembea, mafuta yanaganda. Karani hakukwambia?"

"Hakuniambia."

"Basi kasahau. Wagoa wana mambo mengi."

Jumamosi alfajiri tulilisukuma mpaka nje ya lango, sawasawa na wale wa Ujerumani, tukaliwashia mbali na majirani.

Ngoja niwaambie lile gari. Mlango ukiufunga haupigi kelele, unasema tup, kama kifuniko cha mtungi uliojaa asali. Kiti kinakupokea kama shangazi mnene. Injini ilinguruma chini kwa chini, taratibu, kama bibi anayesaga ulezi huku anamsengenya mkwewe. Hilari alisema linakunywa dizeli, na linakunywa kidogo. Nikamwambia hapo limekushinda.

Barabara ilikuwa ya kiangazi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Watu wa pembeni walivua kofia. Nikawapungia kwa vidole viwili, kama mke wa Bwana Diisii, mkuu wa wilaya. Na mpaka hapo, wasomaji, sikuwa nimesema uongo wowote.

Tukaingia Usoke. Vigelegele vikapanda mpaka kuku wakakimbilia mihogoni. Shangazi yangu Imakulata, ambaye mdomo wake ndio uliokuwa gazeti la Usoke kabla ya gazeti hili, akafika wa kwanza.

"Mwadila, wanangu."

"Mwadila, shangazi."

"Gari la nani hili?"

Hilari akanitazama. Nikajibu mimi:

"La nyumbani."

Na ndivyo lilivyokuwa. Lilikaa nyumbani, tena nyumba ya tajiri, na sisi tulikaa humohumo. Kama shangazi alitaka kujua nyumba yenyewe ya nani, angeuliza. Hakuuliza. Alipofika jikoni gari lilikuwa la Hilari. Lilipofika kwenye vyungu vya pombe, Hilari alikuwa na mawili.

Hilari akafungua mdomo asahihishe. Kabla hajasahihisha akaletewa kiti chenye mgongo. Akakaa. Mdomo ukajifunga wenyewe.

Baba yangu, mzee Marko, hakuuliza la nani. Alilizunguka mkono mgongoni, akaligonga bati kwa fundo la kidole.

"La Mjerumani?"

"Ndiyo, baba."

"Mwaka wa vita niliwabebea masanduku kutoka hapa mpaka Mahenge. Na afisa wao mmoja mnene nilimbeba kwenye machela, anaumwa tumbo." Akafungua mlango wa nyuma mwenyewe, akaingia, akavuta miguu. "Leo zamu yao."

Alizungushwa Usoke yote, akarudishwa, akakataa kushuka. Alikula wali wa harusi humohumo, sahani gotini. Mama alipomfuata akamwambia bado hawajafika Mahenge. Nilimwona baba anacheka. Katika maisha yangu nilikuwa sijamwona anacheka kwa sababu yangu.

Kwa hiyo mtakapokuja kunihukumu, na hilo nalo mlipime.

Sasa Hilari. Kuitwa "Bwana Hilari" mara ya kwanza kulimshtua. Mara ya pili aliitika. Ilipofika saa za ngoma alikuwa anaitika hata akiitwa mwingine.

Ndipo akaja mzee Pazi.

Mzee Pazi alikuwa Mzaramo, mshika bendera wa stesheni ya Usoke, amekaa kwetu miaka na miaka. Na Mzaramo kwetu Wanyamwezi ni mtani, tangu enzi za misafara, wazee wetu walipokuwa wakifika pwani na mizigo na Wazaramo wakiwapokea kwa matusi na maji ya kunywa. Mtani akija kwenye shughuli yako anachukua anachotaka. Hukasiriki. Unampa jogoo, unamtukana kidogo, anakurudishia kitu chako, mnakula pamoja. Anayekasirika amevunja heshima. Na anayekataa kukomboa, kitu si chake tena.

"Wapagazi wangu," akaita mzee Pazi kutoka mbali, "siku hizi mnabebwa?"

"Karibu, mtumwa wetu," wazee wakamjibu. "Umevaa suruali leo? Umeiba ya nani?"

Akalizunguka gari, akalinusa kama anayenusa samaki. Akafika mbele, pale kwenye nyota. Kwa asiyeijua: juu ya rejeta ya Mersedes husimama nyota yenye ncha tatu ndani ya duara, inang'aa. Kabla Hilari hajainuka kitini, mzee Pazi ameizungusha, imetoka, imo mfukoni mwa koti la reli.

Watu wakaanguka kwa kicheko.

"Nimeteka nyota ya Mnyamwezi," akasema. "Gari halina jicho. Jogoo mmoja, tajiri, nikurudishie. Jogoo mwenye mkia."

Jogoo walikuwepo. Mama yangu alikuwa nao wanne, na wa tano ameshamshika miguu anamleta. Lilikuwa jambo la kumaliza pale pale, kwa kicheko.

Lakini Hilari alikuwa kwenye kiti chenye mgongo. Akakunja mguu juu ya mguu. Nikamvuta koti kwa nyuma. Akanipiga kibao cha mkono, kidogo, kama anayefukuza nzi.

"Kaa nayo tu, mzee," akasema. "Nyota moja itanipunguzia nini? Nyumbani ninazo nyingine."

Ngoma ikasimama. Mama akasimama na jogoo wake kichwa chini. Mzee Pazi mwenyewe akapoteza kicheko, akabaki anaipapasa mfukoni kama mtu aliyeokota kitu cha moto.

"Kweli, tajiri?"

"Nimesema."

Shangazi Imakulata akapiga kigelegele kirefu peke yake. Na hapo hapo treni ya mizigo ikapiga honi, mzee Pazi akakimbilia bendera zake, nyota mfukoni.

Tulikuwa njiani kurudi Tabora, minara ya kanisa inaanza kuonekana.

"Jogoo mmoja," akasema Hilari. Sauti ilikuwa ya mtu aliyefiwa. "Jogoo mmoja tu, Eustadia."

"Nilikuvuta koti."

"Tajiri gani anakomboa nyota kwa jogoo?"

"Yule ambaye si tajiri."

"Nani alisema gari la nyumbani?"

Hapo nikatazama nje. Mashamba ya Ntalikwa yalikuwa mazuri sana jioni ile.

Tulipofika tukakuta simu ya maandishi: Bwana Humudi anaingia Jumatatu asubuhi, gari lije stesheni. Nikamwambia Hilari arudi Usoke kwa treni akaombe nyota. Akaniuliza amwambie nini mzee Pazi, kwamba zile nyingine zimekwisha? Nami nikajua hatakwenda hata kwa kamba.

Jumapili, badala ya Misa ya pili, nikaenda kwa Lukumani, fundi bati wa pale sokoni. Mkono wake ulikuwa wa dhahabu. Mwezi na nyota vya juu ya msikiti wa kwao ni yeye aliyevitengeneza, ukivitazama jua likizama unaweza kusilimu kwa bahati mbaya.

"Lukumani kaka yangu, nataka nyota."

"Ukubwa gani?"

"Kiganja. Ndani ya duara. Ing'ae, isimame juu ya gari kama imezaliwa hapo."

"Shemeji, nyota ni kazi yangu. Nenda kalale. Kesho asubuhi upite."

Jumatatu nikapita. Treni inapiga honi ng'ambo ya mji. Lukumani akafunua kitambaa.

Ilikuwa nyota nzuri kuliko ile ya Ujerumani. Ilikuwa inang'aa, imesuguliwa kwa jivu na limau. Ilikuwa na ncha tano.

"Lukumani. Ni tatu."

"Tatu nini?"

"Ncha. Nyota ya Mersedes ina ncha tatu."

Akanitazama kwa huruma. "Shemeji Eustadia, nyota ya ncha tatu umeiona mbingu gani? Hayo ni mafiga. Unataka niwawekee mafiga juu ya gari, mpikie ugali?"

"Wazungu ndivyo walivyofanya."

"Basi walikosea. Mimi nimewaongezea mbili, wala hamkuniomba."

Honi ikalia tena. Nikaibeba hivyo hivyo, Hilari akaikaza mahali pa ile ya kwanza.

Stesheni nilikwenda na Hilari, kikapu mkononi, nikijifanya nakwenda sokoni. Mume wangu akisema uongo peke yake masikio yanamwiva mekundu, na Mnyamwezi mweusi kama yeye kuiva masikio si jambo la kawaida, watu wanaliona.

Bwana Humudi akatoka na mwavuli wake, ametulia.

"Shikamoo, bwana," tukasema pamoja.

"Marahaba. Habari za hapa?"

"Nzuri, bwana," akasema Hilari.

"Gari?"

"Limelala, bwana. Haki ya Mungu halijatoka langoni mpaka leo hii nilipokuja kukupokea."

Nikamkanyaga. Alikuwa ameulizwa habari, hakuulizwa kiapo.

Bwana Humudi akatembea mpaka mbele ya gari. Akainama. Akavaa miwani.

"Ina ncha tano."

"Ile nyingine tumeihifadhi ndani, bwana," nikaingia mimi. "Jua kali. Isichubuke."

"Na hii?"

"Ni ya kukalia nyumbani."

"Ahaa." Akaigusa kwa ncha ya kidole. "Karani wa Dar alinieleza zile tatu. Ncha moja nchi kavu, moja majini, moja hewani, maana walitaka injini zao ziende kote huko. Hii ya nne ni ya wapi?"

Treni ikatoa moshi nyuma yetu.

"Reli, bwana," akasema Hilari.

"Na ya tano?"

Hilari akanigeukia. Masikio yameshaanza.

"Ya tano ni nyumbani, bwana," nikasema. "Ni ya gari lililotulia."

Bwana Humudi akacheka. Akacheka kweli, mpaka akavua miwani akafuta macho kwa kilemba. Hilari akacheka. Mimi nikacheka, na moyoni nimeshaanza kupanga pazia la dirisha langu.

"Nimefurahi," akasema Bwana Humudi. "Nimefurahi, maana usiku sikulala vizuri. Treni yetu ya Kigoma ilisimama alfajiri pale Usoke."

Wasomaji, tulijua tajiri yuko Ujiji. Tulijua treni ya Ujiji inapita wapi, nimezaliwa kando ya reli hiyo. Sisi wote wawili tulijua. Lakini kujua kwenyewe hatukukukumbuka mpaka dakika ile.

"Mzee mmoja mshika bendera," akaendelea kwa upole uleule, "alikuwa anapita chini ya madirisha anauliza nani anashuka Tabora. Nikasema mimi. Akaniomba nifikishe salamu kwa tajiri mmoja wa huku, mwenye Mersedes nyeusi. Bwana Hilari. Akasema: mwambie mtani wake Pazi hana raha. Amezoea kuwanyang'anya Wanyamwezi jogoo, hajapata kuona Mnyamwezi anayegawa nyota. Akaniuliza kama namfahamu tajiri huyo."

Nikauliza mimi.

"Ukamwambiaje, bwana?"

"Nikamwambia namfahamu kidogo."

Akanyoosha kiganja. Hilari akaweka ufunguo humo. Bwana Humudi akafunga mwavuli, akazunguka, akafungua mlango wa nyuma, akausimamia kama anavyousimamia dereva aliyefundishwa vizuri.

"Panda, Bwana Hilari," akamwambia mume wangu. "Leo nakuendesha mimi. Nielekeze tu, nyumbani kwako ni wapi?"